Sufuria ya Mama Ilivyokwenda Ivuna na Kurudi

Darasa letu lilikwenda Ivuna kwa sababu ya swali la Amoni. Mwalimu Simon alikuwa akitufundisha habari za wilaya yetu, akasema kwamba huko chini, katika bonde la Rukwa, kuna watu wanaopika chumvi kutoka kwenye udongo. Amoni, aliyekuwa mdogo kuliko sisi sote na mlaji kuliko sisi sote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wanaipika na nini?"

Darasa zima likacheka, kwani kwa Amoni kila kilichopikwa lazima kiwe na mboga yake. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Hata mimi sijapata kuona. Twende tukaone."

Hizo zilikuwa zamani za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Shule yetu ilikuwa upande wa Itaka, juu kwenye baridi, na darasani tulikuwa wavulana wanane wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne. Mwalimu Simon mwenyewe alikuwa mtu wa milimani, mzaliwa wa Rungwe. Alikuwa na saa ya mfukoni na kitabu kimoja cha Kiingereza kilichoeleza namna ya kupiga kambi, na vyote viwili aliviamini sawasawa. Mimi alinipa kazi ya kuandika kila jambo kwenye daftari pamoja na saa yake, na daftari hilo ndilo lililo mbele yangu sasa, lina doa la maharage kwenye jalada.

Wazazi walinung'unika. Ulikuwa mwezi wa Novemba na mashamba yalikuwa yakingoja jembe. Baba yake Obadia aliuliza kikaoni, "Kutembea nako ni somo? Basi ng'ombe wangu wamehitimu." Mwalimu akaahidi siku tano tu: kuondoka Jumatatu, kurudi Ijumaa, kila mtoto kwa miguu yake.

Likabaki jambo la chombo cha kupikia, maana sufuria ya shule ilikuwa imetoboka. Hapo ndipo Mwalimu alipokuja nyumbani kwetu.

Mama alikuwa na sufuria ambayo kila mtu wa Itaka aliijua. Baba aliileta kutoka migodini Rhodesia ya Kaskazini alipomaliza mkataba wake, akaibeba kichwani kupitia Tunduma. Ilikuwa na mikono miwili na kifuniko chake, na mtoto mdogo angeweza kuoga ndani. Hapakuwa na harusi wala msiba uliopikwa bila hiyo. Na Jumamosi ya juma lile lile ndiyo siku ambayo dada yangu Roda angeolewa.

Mama alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho. Halafu akaitoa sufuria, akaipindua, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kengele ya kanisa iliyo mbali.

"Tito, umeisikia?"

"Nimeisikia, mama."

"Ijumaa jioni irudi hapa ikilia hivyo hivyo. Keshokutwa yake nina wageni wa watu."

"Kesho yake, mama."

"Kesho yake! Unaona? Kichwa kimeshajaa harusi, nawe unaniongezea safari."

"Na isiporudi?" niliuliza, kwa ujinga wa kutaka kujua.

"Isiporudi, na wewe usije. Utume barua."

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Tulipanda lori la mwenye duka mmoja lililokuwa likiteremka kwenda Kamsamba kuchukua mpunga na samaki wakavu. Kila mmoja wetu alikuwa na blanketi, sweta na kifurushi cha unga. Maharage yalikuwa kwenye mfuko mmoja, na Amoni aliukalia ili, kama alivyosema, yasipate baridi. Sufuria ilifungwa kamba katikati ya lori, mahali pazuri kuliko petu sote.

Njia ile ilikuwa mbaya. Lori liliyumba, sisi tukagongana vichwa, lakini sufuria ilitulia kwa heshima na kifuniko chake kikiwa kimekaa kama kofia. Obadia, aliyekuwa kiongozi wetu kwa sababu ya sauti yake, akaitazama akasema, "Hebu muoneni, kama Bwana Shauri anayekagua wilaya."

Bwana Shauri ndilo jina ambalo watu walimwita mkuu wa wilaya, Mzungu aliyekuja mara moja kwa mwaka. Tangu hapo sufuria haikuitwa sufuria tena.

"Shikamoo, Bwana Shauri!"

"Bwana Shauri, kodi mwaka huu itapungua?"

"Amenyamaza. Haipungui."

Mwalimu alituonya tusiseme hivyo mbele ya matarishi wa serikali, lakini nilimwona akigeuza uso ili acheke.

Saa sita mchana. Tulifika ukingoni mwa safu ya milima, na bonde likafunguka chini yetu. Niliandika: "Nchi imekatika." Sikupata neno jingine. Tulipokuwa tumesimama kulikuwa na upepo na mawingu. Huko chini kulikuwa na weupe mtupu uliokuwa ukitetemeka. Kila lori lilipokata kona tulivua kitu kimoja. Tulipofika chini masweta yote yalikuwa yamerundikwa, na Amoni alikuwa amebaki na kaptula.

Dereva alitushusha mahali ambapo kijia cha Ivuna kinaachana na barabara. Akasema, "Ijumaa, saa mbili asubuhi, nitapita hapa. Mkiwapo, mtapanda. Msipokuwapo, mimi huwa naisubiri injini tu."

Usiku huo tulilala karibu na nyumba za wakulima, na hakuna jambo la kuandika isipokuwa mbu.

Jumanne. Tulitembea tangu alfajiri. Wawili wawili tulimbeba Bwana Shauri kwenye mti, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama Wazungu wa zamani walivyobebwa kwenye machela, na wabebaji walipaswa kuimba. Watu tuliokutana nao walisimama kando, wakatuamkia "Mwapoleni," kisha wakauliza kama tunapeleka sufuria sokoni. Mwanamke mmoja alitazama mablanketi yetu mgongoni, akatazama jua, akatutazama tena sisi. Akasema tu, "Poleni sana," kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Saa nane na nusu mchana. Tuliingia mahali pazuri kuliko pote tulipopita. Ilikuwa kama barabara pana ya mchanga mweupe, safi, isiyo na jani wala jiwe, yenye kingo mbili za udongo zilizosimama kama kuta. Ilikuwa imenyooka, kisha ikakata kona taratibu.

"Serikali imefanya kazi hapa," alisema Obadia. "Tazameni upana. Malori mawili yanapishana."

Mwalimu akafungua kitabu chake, akatusomea kwa Kiswahili: kambi ipigwe mahali tambarare, pakavu, penye kinga ya upepo, na karibu na maji. Tambarare, ndiyo. Pakavu, ndiyo. Kuta zilikuwa kinga. Tukachimba mchanga kwa mikono, na tulipofika kiasi cha kiwiko maji yakachipuka, matamu na ya baridi. Mwalimu alifunga kitabu kwa furaha. Niliandika: "Mahali hapa ni kama pameandaliwa kwa ajili yetu."

Lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiyetoka milimani kwetu. Huko kwetu Mbozi mto ni maji. Unasikika kabla hujauona, masika na kiangazi, na siku ukikosa maji watu watakwenda kanisani. Hakuna hata mmoja kati yetu, Mwalimu akiwamo, aliyewahi kuona mto usiokuwa nyumbani.

Tukainjika maharage. Bwana Shauri alikaa juu ya mafiga matatu katikati ya mchanga, moto ukawaka vizuri. Ndipo msichana wa rika letu alipotokea ukingoni juu, amebeba mzigo wa kuni kichwani. Jina lake lilikuwa Monika, lakini hilo tulilijua baadaye. Alisimama akatuangalia kama mtu anayesoma barua ya ajabu.

"Mnafanya nini mtoni?"

Tukatazamana. Obadia akajibu kwa niaba ya wote, "Mto gani, dada? Mto uko wapi?"

Monika akageuza shingo polepole, mzigo ukiwa kichwani, akatazama nyuma kule kwenye milima tuliyotoka. Juu yetu mbingu ilikuwa bluu. Kule kwetu kulikuwa kumetanda weusi.

"Uko njiani," akasema. "Unakuja."

Tulicheka mpaka Amoni akaanguka. Mto uko njiani! Umepanda lori? Ulilala wapi jana? Monika hakucheka wala hakukasirika. "Haya," akasema, "mimi nimeshawaambia," akaenda zake kwa haraka kuliko alivyokuja.

Saa kumi kasoro dakika kumi. Nakumbuka saa kwa sababu Mwalimu alikuwa ameitoa ili kuangalia maharage yamebakiza muda gani. Tukasikia mngurumo.

"Lori," alisema Obadia. "Si niliwaambia ni barabara?"

Akasimama katikati ili amsimamishe dereva. Kwenye kona kikatokea kitu cha rangi ya kahawa yenye maziwa, kimo cha goti, kikisukuma mbele yake majani, matawi, povu na lundo la mchanga. Hakikuwa na haraka kubwa. Kilikuja kama mzee anayerudi nyumbani kwake na kukuta watoto wa watu wamekaa kitandani.

Mwalimu alipiga yowe ambalo sikujua kwamba walimu wanalo. "Juu! Juu! Acheni vitu! Juu!"

Hatukuacha vitu. Kila mtu alinyakua alichokuwa karibu nacho. Mimi nilinyakua daftari. Obadia alinyakua Amoni, naye Amoni alikuwa amenyakua kifurushi chake cha unga. Tukaparamia ukingo kwa kucha. Mwalimu alituhesabu mara tatu, kwa majina na kwa kugusa kichwa, na mara zote tatu tulikuwa wanane. Hapo tu ndipo alipokaa chini.

Ndipo tukamwona Bwana Shauri. Maji yalikuwa yamezima moto na kumwinua kutoka kwenye mafiga kwa upole. Alizunguka mara moja, kama anayetuangalia. Kifuniko kilikuwa bado kichwani. Kisha akashika njia ya katikati na kwenda, amenyooka wima, akikata kona bila kugusa ukingo.

"Ameondoka bila kuaga," alisema mmoja wetu.

"Na maharage yetu!" alilia Amoni, na hakuwa akitania.

Mimi nilikuwa nikitafakari barua. Mama mpendwa, natumaini hujambo. Baada ya hapo sikupata sentensi.

Mwalimu Simon alivua kofia. Akasema, "Vijana, kosa ni langu. Yule msichana alituambia kwa maneno mepesi, nami nikacheka pamoja nanyi." Sijasahau hilo. Nilikuwa bado sijamsikia mtu mzima akisema hivyo mbele ya watoto.

Jumatano, saa moja asubuhi. Maji yalikuwa yamekwisha kupita. Mchanga ulikuwa mweupe na safi tena, kana kwamba hakuna aliyeutumia, na hata mafiga yetu hayakuonekana. Tuliufuata mto kuteremka, tukiangalia kila kichaka. Obadia alikuwa mnyonge, na ukimya wake ulitutisha kuliko mafuriko. Tulipata kwanza kifuniko, kimenasa kwenye mizizi. Nilikibeba kifuani.

Saa tatu tukaona moshi, na hapo ndipo tulipofika kwa wapika chumvi bila hata kujua kwamba tumefika. Palikuwa na uwanda wa udongo wa kijivu, vibanda vya nyasi, na vichanja ambavyo juu yake vilikaa vikapu vilivyojaa udongo. Wanawake walikuwa wakimimina maji ya chemchemi juu ya udongo huo, maji yakichuruzika ndani ya vyungu vilivyo chini. Maji hayo ya chumvi ndiyo yaliyochemshwa mekoni, tangu asubuhi mpaka jioni, hadi yakauke na kubaki weupe. Basi swali la Amoni lilijibiwa: hupikwa na udongo.

Na kwenye meko ya mwisho, juu ya moto mkali, alikuwa amekaa Bwana Shauri.

Nilikimbia. Bibi mmoja mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani, akasimama kati yangu na moto. Huyo alikuwa Namwinga. Nyuma yake alisimama Monika, amekunja mikono.

"Bibi, mwapoleni," nilisema nikihema. "Sufuria hiyo ni ya mama yangu."

"Mwapoleni, mjukuu. Na mimi nilidhani ni ya mto. Mto ndio ulionibishia hodi jana jioni, ukasema shika."

"Bibi, ndio hao," alisema Monika. "Ndio waliokuwa wakiuliza mto uko wapi."

Wanawake wote wakacheka, na mmoja ilimbidi aweke mtungi chini.

Namwinga akamgeukia Mwalimu. "Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nani aliwafundisha kulala mtoni?"

Mwalimu, kwa unyofu wake, akatoa kitabu. Namwinga akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza.

"Kimeandikwa na mtu wa wapi?"

"Uingereza."

"Na huko mito haitembei?"

Mwalimu akakipokea tena kitabu chake, akakitia kwapani.

Kisha Namwinga akatueleza hali yake. Mto ulipokuja mapema vile, maana yake mvua zimekaribia, na mvua zikifika chumvi imekwisha mpaka mwakani. Udongo wake wa mwisho ulikuwa bado haujapikwa. Vyungu vyake viwili vikubwa vilikuwa vimepasuka juma lililopita. Alituonyesha vigae vyake vimepangwa ukutani. Jana jioni alipoiona sufuria inakuja peke yake, akaomba Mungu amsamehe, akamimina maharage na kuinjika.

"Yalikuwa hayajaiva," alisema akimtazama Amoni, ambaye uso wake ulikuwa umemsaliti. "Tumeyamalizia. Yapo. Utakula."

"Bibi, naomba basi sufuria," nilisema. "Dada yangu anaolewa Jumamosi. Kesho asubuhi lazima tuondoke, la sivyo lori litatuacha."

Akatikisa kichwa. Kwao, alisema, chombo kikishaanza kupika chumvi hakiteremshwi mpaka udongo wa mpishi uishe na chumvi ilale ndani yake usiku mmoja. Kinachoteremshwa kabla hakirudi kuwa chombo, na wapishi wengine wote huzima moto wao siku hiyo. "Mimi na mjukuu wangu tuna udongo wa siku tatu," akamaliza. "Siku ya nne uichukue, na baraka juu yake."

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi yenyewe, nasi tungekuwa bado bondeni. Roda angekuwa ameshaolewa kwa njaa.

Saa tano. Namwinga na Monika walikwenda chemchemini. Mwalimu alikuwa mbali akizungumza na wazee wa pale. Obadia alikuja kando yangu, na sauti yake ilikuwa imemrudia kidogo.

"Tito. Ni ya mama yako. Si wizi. Wewe shika mkono huu, mimi ule, tunamwaga, tunaondoka."

Nilifunga shati langu kwenye viganja, nikashika mkono wa sufuria. Nikachungulia ndani. Pembeni, maji yalipogusana na sufuria, weupe ulikuwa umeanza, mwembamba, kama unga unaobaki kwenye chekecheo. Nikatazama vigae ukutani. Nikamwona mama akiipindua na kuigonga kwa kifundo cha kidole, na nikajua kwamba angesikia. Sijui angesikia nini, lakini angesikia.

"Hapana," nilisema. "Obadia, udongo wa siku tatu kwa watu wawili. Sisi ni wanane."

Obadia hakuwa mzuri kwa mambo mengi, lakini kwa hesabu alikuwa mzuri. Akatazama uwanda, akatazama vikapu, midomo ikicheza. "Na Mwalimu, tisa," akasema. Akageuka na kupaza sauti, "Darasa! Kusanyikeni!"

Namwinga aliporudi alimkuta Mwalimu Simon amekunja suruali na kubeba kikapu cha udongo kichwani, na kitabu kimewekwa juu ya jiwe chini ya kofia. Wanne wetu walikuwa kwenye kuni, watatu kwenye maji. Mimi nilikuwa kwenye moto.

"Watu wa baridi wameamka," alisema Monika.

Alitufanyisha kazi kama nyapara. Maji yasimiminwe haraka, yatateremka na matope. Kuni zisiwe mbichi. "Wewe mwenye sauti, maji hayabebwi kwa mdomo." Obadia alimjibu kwamba huko kwetu wanawake humheshimu kiongozi. "Na huku kwetu pia," alisema Monika. "Kiongozi ni mimi. Maji!" Jua lilitupiga mpaka tukaona vitu viwili viwili. Jasho la Amoni lilimchuruzikia mdomoni, akatangaza kwamba amegundua njia fupi ya kupata chumvi. Wanawake wa meko mengine walipoona tunavyokimbia walikuja kushangilia, kisha wawili wakatuletea vyungu vyao vilivyokuwa vimemaliza kazi, tukapika kwa vyombo vitatu.

Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado juu ya upeo, Monika alikung'uta kikapu cha mwisho. Hakuna udongo uliobaki. Namwinga alitoa kuni moja baada ya nyingine chini ya sufuria mpaka moto ukawa majivu, akafunika kwa kifuniko nilichokileta.

"Ilale," akasema.

Tukala maharage. Amoni alikula mara tatu. Yalikuwa na chumvi.

Alhamisi, alfajiri. Namwinga alifunua. Chumvi ilikuwa imekaa ndani, ngumu na nyeupe. Aliibandua kwa kijiti, akaifunga kwenye majani makavu na kamba za magome, mafungu mengi yenye umbo la mkate. Fungu moja kubwa akaliweka mikononi mwangu.

"La bibi harusi. Chombo kikitoka kazini hakirudi nyumbani mikono mitupu. Na mwambie mama yako, chini imebaki chumvi kidogo. Nimebandua, haitoki."

Niliingiza mkono. Chini kabisa palikuwa na ukoko mweupe, umeshika kama simenti. Nje, Bwana Shauri alikuwa mweusi tii.

Monika alitusindikiza mpaka kwenye ule mto, akatuvusha, akasimama ukingoni. Obadia, baada ya kujikaza sana, alimuuliza kama leo unakuja. Akatazama milimani.

"Leo haupo," akasema. "Piteni polepole, watu wa baridi."

Tulipita mbio.

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Tulikuwa njia panda tangu saa kumi na mbili. Dereva alimtazama Bwana Shauri, akatutazama sisi, weusi kwa masizi na weupe kwa chumvi kwenye nyusi. "Mlikwenda shule au mlikwenda jela?" akauliza. Lori likapanda. Kila kona tulivaa kitu kimoja, na tulipofika juu tulikuwa ndani ya masweta, na baridi ya kwetu ilitupiga usoni kama mzazi.

Saa kumi na moja jioni. Uani kwetu kulikuwa kumejaa wanawake wanaochagua mchele. Mama alifuta mikono. Hakuuliza habari za safari. Aliipokea sufuria, akaigeuza, akaiangalia nje, akaingiza kichwa ndani. Akaigonga.

Haikulia kama kengele. Ililia kwa sauti nzito, fupi, kama mtu aliyeshiba anayeitikia bila kutaka kuinuka.

Nikamsimulia yote, tangu kitabu mpaka ukoko, nikiwa nimelikumbatia lile fungu la chumvi. Wanawake waliacha mchele. Nilipofika mahali nilipoushika mkono wa sufuria na kuuachia, mama aliniangalia mara moja, haraka. Kisha akalamba kidole, akakipitisha chini ya sufuria, akakionja.

"Imenona," akasema. "Roda! Njoo uone zawadi yako. Na ninyi, kesho asitie mtu chumvi kwenye maharage mpaka nimeonja."

Mmoja alitia. Wageni wa upande wa bwana harusi walikunywa togwa yote kabla ya saa nane, wakaimba mpaka jioni, na wakasema hawajaona harusi yenye ukarimu wa vinywaji kama ile.

Ule ukoko haukutoka kamwe. Mashemeji walijaribu kuusugua kwa mchanga, mama akawakataza. Na mwaka uliofuata, Mwalimu Simon aliposimama kikaoni kuomba safari nyingine, baba yake Obadia alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa kuwataja ng'ombe wake, mama akainuka kutoka safu ya nyuma.

"Waende," alisema. "Sufuria ipo. Ila safari hii, Mwalimu, wakikuta mahali pazuri, watafute kwanza msichana wa pale wamuulize."

Mwalimu Simon alitoa kalamu mfukoni, akafungua kile kitabu cha Kiingereza, na pale pale mbele ya wazazi wote akayaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kambi.